Upepo wa Shangazi

Shangazi yangu wa Vihingo alikuja kunitembelea Misugusugu. Akiwa anamenya mihogo, kisu kilimdondoka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande, maneno yakagoma kutoka. Mara akawa mzima, anaokota kisu chake. Majirani wakasema kapitiwa na upepo, arudishwe kwao akafukizwe. Niliwajia juu, nikampeleka hospitali.

Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, alimwamkia, "Shikamoo bibi," akasikiliza kwa makini ile "marahaba" inavyotoka. Shangazi akamwambia ni upepo tu, umeshapita. Nilingoja daktari acheke. Hakucheka. Aliweka kipimo cha kusikilizia kushoto mwa shingo, akatulia, kisha akanivalisha na mimi masikioni. Mle ndani mlivuma: vuu, vuu, vuu.

"Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo umekuwa mwembamba, ndiyo maana damu inavuma ikipita," alisema. "Leo kiharusi kimebisha hodi tu." Altrasaundi ya shingo ikathibitisha.

"Si nilisema ni upepo?" shangazi alininong'oneza.

Daktari alimsikia. "Ulisema kweli, bibi. Ila huu hautoki kwa kufukizwa."