Zamu ya Kiganjo

Kazi ya Ngendo ilikuwa kusema maneno ya watu wengine, na mama mkwe wake hakuacha kumcheka kwa hilo. Kibanda chake kilikuwa juu ya kilima, na ndani mlikuwa na redio ya kampuni ya malori iliyobeba mchele wa Mwea. Stoo ya Kiganjo ilikuwa upande huu wa kilima, ofisi ya Nanyuki upande ule, na hazikusikiana. Kiganjo ikisema, Ngendo alisikiliza, kisha akabonyeza kitufe na kuyarudia maneno yale ili Nanyuki ipate.

Kasoro ya redio ile ni kwamba ukibonyeza kitufe inakuwa kiziwi. Unasema au unasikia, huwezi vyote viwili. Ndiyo maana kukawekwa zamu: asubuhi Kiganjo kwanza, halafu Nanyuki, halafu lori litoke. Wakubwa waliagiza maneno yawe mafupi, na baada ya kila sentensi kitufe kiachiliwe. Waliagiza hivyo kwa sababu hawakuwa na wazee wa kuwasalimu.

Asubuhi moja ya mvua, miaka ile ya sabini, karani wa Kiganjo, Mzee Theuri, alikuwa amefiwa na mkewe, Watiri. Alikuja kazini siku ya mazishi yenyewe, maana hakukuwa na mtu wa kumshikia. Sasa utampa mzee kama huyo pole ya neno moja? Heshima si utumwa. Ngendo akabonyeza kitufe, akampa pole ya kwake na ya watoto, akamkumbuka Watiri na viazi alivyomletea yeye Ngendo alipojifungua, akamwombea. Hakukiachilia kitufe hata mara moja. Ombi halikatwi katikati.

Theuri alimshukuru kwa sauti iliyokatika, naye kwa kirefu. Nyuma ya sauti yake Ngendo alisikia lori likiwaka, akatabasamu. Aliijua injini ile. Wahome, mumewe, hakuwa dereva wa kutoka mapema, lakini Theuri alieleza kwamba leo amewahi ili arudi wakati wa mazishi, akabebe jeneza. Ngendo aliona fahari kuwa na mume wa namna hiyo.

Zamu ya Nanyuki ilipofika, Diriye, mwenzake wa upande ule, hakusalimu. Wachungaji wa mifugo walikuwa wamemletea habari kwamba daraja la mbao la njia ya mashambani, ile lori hupita, limechukuliwa na maji, na ukungu umefunika kila kitu.

"Nimekuita, mama," alisema. "Nimekuita sana. Nikasikia unapea mzee pole, nikasema si vizuri kukata. Nikangoja zamu yangu. Hiyo gari si bado iko Kiganjo?"

Ngendo aliita Kiganjo. Theuri alitoka mbio mpaka barabarani, mzee wa watu, akarudi akihema. Lori lilikuwa limekwenda. Ngendo aliendelea kuita, ingawa alijua vizuri kwamba ndani ya lori hamna redio.

Walimtoa Wahome mtoni kesho yake. Watu walisema ajali haina kinga, na Diriye alikuja kutoka Nanyuki, akasimama nje ya ua akashindwa kuingia. Ngendo hakumlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na uchungu huo hakuna aliyeweza kumpunguzia.

Theuri naye alikuja. Aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akampa pole ndefu, pole kamili, ile ambayo mtu mwenye adabu humpa mfiwa, akamtaja Wahome na wema wake. Mkono haukuachiliwa. Ngendo aliinamisha kichwa kama inavyopasa, wala hakusikia neno hata moja. Alikuwa anasikiliza kama kuna mtu mwingine anaita.