Simba Jike wa Mama Komal

Pramila, mwenye duka la masufuria na masanduku ya safari hapa Kingsbury Road kwa Waingereza, ana simba wa udongo anayempenda kuliko watu. Nasema hivyo na nikiulizwa nitarudia. Mimi ni Talib, naendesha vani ya duka lake, na huyo simba nimembeba mpaka mgongo unamjua.

Ni wa Kichina, wa zamani, udongo umechomwa ukawa mgumu kama jiwe. Walikuwa wawili kwa baba yake Mombasa, mmoja kila upande wa mlango. Dume amekanyaga mpira: analinda nyumba. Jike amemwekea mtoto mguu juu: analinda walio ndani. Mzee alipokufa, Pramila na kakake Yogesh wakagawana kila kitu nusu kwa nusu. Vijiko, mashuka, mpaka simba. Watu wazima na akili zao! Simba wa mlangoni wanakaa wawili. Ukiwatenganisha una mdoli tu. Yogesh akaenda na dume Croydon, upande wa pili wa jiji hili, jike akaletwa huku, na kila mmoja anamwambia mwenzake alete wake. Salamu zikaishia hapo. Kwenye harusi za watu mmoja anakula mapema, mwingine anakuja watu wakishanawa mikono.

Sasa Komal, binti Pramila, anaolewa. Kwa Wagujarati, anayempeleka bibi harusi kwenye kibanda cha maua kufunga ndoa ni mjomba, kaka wa mama. Na mjomba ni huyo mmoja, wa Croydon. Komal alilia siku nzima. Mjomba wa kuazima hamtaki.

"Talib, enda Croydon," Pramila akaniambia. "Mwambie aje."

"Si umpigie simu, Mama Komal?"

"Simu yangu haina namba ya punda."

Nikaenda. Yogesh hata chai hakunipa.

"Jike aje kwanza."

"Mzee, ni harusi ya mtoto wa dada yako."

"Na dume wangu analinda mlango peke yake tangu baba afe. Umemuuliza kama amechoka?"

Nikamwangalia usoni nione kama anatania. Hatanii. Mtu ana mvi mpaka ndani ya masikio!

Nikarudi damu inachemka. Nikamkuta Pramila anamsugua simba kwa mswaki wa meno. Nikampa ujumbe.

"Hampati. Huyu analinda watoto wangu."

"Watoto gani? Unaye mmoja, yuko juu analia, na wewe unapigisha udongo mswaki!"

"We Talib! Unaongea na nani?"

"Na wewe, Mama Komal. Nifukuze. Huyo mnyama hajui kulinda kitu. Kulinda mtoto ni kazi yako, na umeshindwa."

Nikajua kibarua kimeota nyasi. Akaweka mswaki chini. Halafu akaleta blanketi, akamfunga simba kama kichanga.

"Ukimvunja, nakuvunja."

Nikamfikisha Croydon mzima. Siku ya harusi Yogesh akatokea, suti inamvaa yeye. Akamshika Komal mkono, ngoma zinalia, wanatembea pole pole mpaka wakafika mbele ya Pramila. Nikasema haya, sasa watakumbatiana.

"Umemweka upande gani?" Pramila akauliza.

"Kushoto."

"Kushoto ukiingia au ukitoka?"

"Ukitoka."

"Mjinga wewe! Jike ni kushoto ukiingia! Baba alimweka hivyo."

"Wewe ulikuwa unanyonya kidole, ungejua nini?"

Kasisi wao akakohoa. Komal akamkokota mjomba wake kwa nguvu, anacheka machozi yanamtoka. Ndoa ikafungwa hao wawili wanatupiana maneno juu ya kichwa cha bwana harusi.

Jumatatu Pramila akaniambia niwashe vani, anakwenda Croydon kumhamisha simba upande wa pili wa mlango. Mwenyewe. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya matusi.