Ile Ndoo ya Sokoni Macalder

Mimi naitwa Metrine, na sokoni Uriri wananiita Mama Gordon. Nauza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Kisegi. Mdomo wangu hauna breki, najua, lakini ya jirani yangu Bathsheba nitayasema polepole, kwa sababu ni mtu ninayempenda.

Bathsheba, tunayemwita Mama Valentine, anauza ndizi kando ya meza yangu. Ni Mkisii, Msabato wa kweli, shemasi kanisani. Mbele kichwani ana kishungi cha nywele nyeupe, cheupe pe, alichozaliwa nacho. Watoto wa soko humwita Cucu, yaani bibi mzee. Anacheka tu, kisha anafunga kitambaa chake vizuri.

Sasa shemasi huyo ana filamu moja anayoipenda kuliko chakula. Inaitwa Shimo la Macalder. Kijana anachimba dhahabu, anaipata, anapoteza mke. Hadithi yenyewe haina kichwa wala miguu, na mhusika mkuu analia hata mahali pasipohitaji kulia. Wazee wa kanisa walishamwita wakamuuliza, "Dada Bathsheba, mambo ya dunia haya ni ya nini?" Akawajibu kwamba anamtazama mama yake. Wakamwacha aende.

Ni hivi. Filamu hiyo ilipigwa zamani Macalder yenyewe, kwenye machimbo ya dhahabu, na wapigaji wakawachukua watu wa kawaida wa soko. Kuna mahali kijana anapita katikati ya soko, na nyuma yake anatokea mwanamke mwenye sufuria ya uji kichwani na ndoo kando ya mguu. Anapita, anapotea. Huyo ndiye Bitutu, mama yake Bathsheba. Alikuwa akiwapikia wachimbaji uji. Mama mmoja aliyeuza naye huko ndiye aliyemwonyesha Bathsheba, wakati huo akiwa msichana: "Yule wa sufuria ni mamako."

Bitutu alikufa kwa malaria Bathsheba akiwa mdogo hata hakumbuki sauti yake. Picha hakuacha. Iliyokuwepo ni ile ya kitambulisho, na kitambulisho cha marehemu kinarudishwa serikalini, ndiyo sheria. Hata siku ya mazishi jeneza lilibebwa bila picha mbele. Kwetu huku hiyo ni aibu, kama vile unamzika mtu usiyemjua.

Bathsheba alilelewa na mama yake mkubwa, Arasa. Arasa alimlisha, akamsomesha, Mungu amrehemu, lakini mdomo wake ulikuwa na pilipili. Kila Bathsheba alipokosea aliambiwa, "Mamako alikutupa kwangu ukinyonya, akakimbilia dhahabu." Neno hilo likamkaa Bathsheba rohoni. Siku moja tukifunga mizigo aliniambia, "Mama Gordon, nataka kumwona uso tu. Nione kama ni uso wa mtu anayeweza kutupa mtoto."

Nilimwambia uso hausemi mambo hayo. Akaniambia, "Wako ulimwona." Nikainama nikafunga gunia langu la omena.

Shida ni kwamba sidii yake ya ile filamu ilikuwa imechakaa. Hata ilipokuwa mpya, picha ilikuwa imetolewa kwenye kaseti ya video, kaseti yenyewe imenakiliwa kutoka kaseti nyingine. Uso wa Bitutu ulikuwa ukungu mtupu. Nimeitazama naye mara nyingi, nikijifanya naona pua. Kitu pekee kilichoonekana vizuri ni ile ndoo, maana ilikuwa inang'aa juu kidogo. Ya bati, tulisema.

Basi mwaka jana Sammy, anayeuza filamu Migori mjini, akampigia simu. Watengenezaji wanaitoa upya! Wamepata mkanda wa kwanza kabisa, wameusafisha, picha kali mpaka unahesabu mavuzi ya mbuzi. Samahani, ndivyo Sammy alivyosema. Bathsheba aliinuka akaimba pale pale kati ya ndizi.

Wueh! Tulingoja. Mara wiki ijayo, mara mwezi ujao, mara mashine ya Nairobi imeharibika. Mimi nilishaanza kumtukana Sammy kwa simu. Bathsheba ananituliza, "Subira yavuta heri, Mama Gordon." Namwambia, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo." Yeye akaanza kupanga. Akiutoa ule uso kwenye filamu, ataufanya picha kubwa, waende kaburini, wasome neno, na mama yake awe na picha kama binadamu wengine.

Ikaja siku ya Ijumaa jioni. Bodaboda alipoileta bahasha yenye sidii mpya, jua lilikuwa linagusa vilima. Nikasema haraka, twende kwangu, nina TV kubwa ya ukutani. Akalitazama jua, akaniwekea bahasha mkononi.

"Sabato imeingia. Kesho jua likizama."

"Mama Valentine! Ni mama yako!"

"Na ni Sabato yake pia."

Nilikasirika nikataka kulia. Mimi ni Mkatoliki, hakuna aliyenizuia kuitazama peke yangu. Niliiweka juu ya kabati, nikapita hapo siku nzima kama paka kwenye samaki. Sikuigusa. Nilimwonea huruma sana, na nilimwogopa kidogo pia.

Jumamosi jua likazama. Akaja na Valentine, binti yake, amevaa nguo ya kanisani bado. Hata chai hakunywa. Tukaiweka sidii.

Jamani, picha ilikuwa safi! Unaona nyanya zinavyometa, unaona mbwa anajikuna. Kijana akaanza kupita sokoni. Bathsheba akanishika mkono. Mwanamke akatokea.

Hakuwa na kichwa.

Sijui niseme vipi. Mabega yalikuwepo, kifua, kanga ya manjano, mkono. Shingoni picha ikaishia. Sufuria haipo, uso haupo. Nikampigia Sammy hapo hapo, nikimfokea.

"Mathe, pole," akasema. "Ya zamani ilikuwa mraba. Hizi TV za siku hizi ni ndefu kwa upande. Ili ijae, wamekata juu na chini."

"Wamekata kichwa cha mama wa mtu!"

"Wao hawajui ni mama wa mtu, mathe."

Nikakata simu. Nilitaka kurusha kitu. Miaka yote hiyo ya kungoja, na mtu fulani ofisini anabonyeza kidude ili TV yangu ijae! TV yangu mwenyewe, niliyokuwa najivunia. Nikageuka kumwambia Bathsheba pole, nikamkuta amesogea mpaka skrini inakaribia kumgusa pua.

"Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akaweka kidole kando ya mguu wa yule mwanamke, pale penye ndoo.

"Mama Gordon, hii si ndoo."

Nikainama nikatazama. Alikuwa mtoto. Mtoto wa kike, miaka yake kama mitatu hivi, anatembea, ameshika kanga ya manjano kwa ngumi nzima. Na pale juu palipokuwa panang'aa, tulipoita bati miaka yote hiyo, palikuwa na nywele. Kishungi cheupe, cheupe pe, katikati ya nywele nyeusi.

Valentine akasema, "Mum, ni wewe."

 Bathsheba alifungua kitambaa chake taratibu akakiweka magotini. Nami machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Mtoto aliyetupwa kwa Arasa akinyonya hatembei sokoni Macalder. Hakutupwa kwa mtu. Alikuwa huko huko, na uji, na vumbi, na mama yake.

Nikasema, kwa ujinga wangu, "Lakini uso bado hatujauona. Nitamwambia Sammy awaulize kama..."

"Uso nitauona asubuhi ya ufufuo," akasema. "Achia kidogo iende."

Nikaachia. Yule mwanamke asiye na kichwa akapiga hatua, lori la wachimbaji likatimua vumbi, na mkono wake mmoja ukashuka ukamfunika mtoto macho. Ukakaa hapo mpaka wakapotea pembeni.

Bathsheba akainua mkono wake mwenyewe, akauweka juu ya macho yake, akakaa hivyo. Valentine alitaka kumsemesha, nikamzuia.