Baridi ya Kumpokea Dada

Kila asubuhi, akishatoka na kabla ya kufunga mlango, fundi huingiza kichwa ndani tena na kusema, "Haya, mimi natoka." Ndani hamna mtu. Vyumba vyake na changu vimetenganishwa na ukuta mwembamba, kwa hiyo nilipohamia pale nilidhani ana mke mgonjwa asiyeamka mapema. Baadaye niliona anaanika shati lake tu, suruali yake tu, taulo moja. Sikumuuliza. Akiniona barazani na kitabu huniita Profesa, mimi humwita Fundi, na kwa muda mrefu mazungumzo yetu hayakuvuka hapo.

Gereji wanamwita Barafu, kwa kuwa anatengeneza viyoyozi vya magari na kwa kuwa si mtu wa maneno mengi. Ameyapoza magari ya watu maisha yake yote. Lake mwenyewe, gari dogo jeupe lililochujuka rangi, lilikuwa halitoi hata upepo. Feni ilikufa zamani akaiacha hivyo hivyo. Wenzake walimcheka kwamba mganga hajigangi, naye aliwajibu kwamba mganga huyu hana haraka.

Haraka ilikuja dada yake alipopasuliwa moyo. Huyu ndiye dada mkubwa aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliyembeba mgongoni naye mwenyewe bado ni mtoto. Daktari alitaka akae mjini miezi kadhaa, karibu na hospitali, na nyumba zilikuwa mbili: ya mwanawe wa kiume, yenye mke na watoto na gari zuri, na ya mdogo wake, yaani ya fundi. Fundi alipaka rangi chumba cha pili. Alinunua godoro. Alitundika pazia, akaliona fupi, akanunua jingine.

Tatizo lilikuwa gari. Tangu augue, dada hakuvumilia joto. Mara ya mwisho fundi alipompakia alizimia kabla hawajafika, na alipozinduka alisema, "Hili si gari, ni tanuri lenye magurudumu. Mimi si mkate." Basi wakakubaliana kwa simu, nami nikiwa upande wa pili wa ukuta nikisikia jibu moja moja. Atakayeweza kumpeleka hospitali bila kumpika njiani ndiye atakayekaa naye. Fundi aliomba apewe nafasi ya kwanza.

Angeweza kufufua feni, akajaza gesi, yakaisha. Lakini alinieleza, huku akinawa mikono bombani, kwamba dada yake baridi ikizidi anakohoa, na joto likizidi anaanguka. "Anataka katikati," alisema. "Na katikati yangu si katikati yake."

Kwenye yadi ya magari chakavu aliona gari la aina ile ile, toleo la wenye nazo, lililogongwa nyuma likakunjamana. Mbele lilikuwa zima. Kiyoyozi chake kilikuwa cha kujiongoza: unakiandikia kiasi cha joto unachotaka, nacho kinajua chenyewe lini kivume na lini kipumzike. Tena dereva ana namba yake na abiria ana namba yake. Fundi alikihamisha chote, kuanzia kioo kidogo cha namba mpaka boksi la hewa linalokaa nyuma ya dashibodi.

Kazi aliifanyia uani kwetu, jioni, baada ya gereji. Nilikaa juu ya ndoo na kitabu changu, na taratibu nikawa mshika tochi. Gari lisilo na dashibodi linafanana na mtu aliyeng'olewa taya. Waya zilining'inia, kila moja imefungwa kitambaa cha rangi yake ili asizichanganye. Alinionyesha mota ndogo, zinazoenea kiganjani, ambazo huzungusha vibao ndani ya boksi. "Kibao kikienda huku, unapata baridi. Kikienda huku, unapata joto la injini. Kila upande na mota yake." Nadhani ndiyo maelezo marefu kuliko yote niliyokuwa nimemsikia akitoa.

Wenzake wa gereji walikuja kutazama.

"Barafu, hili gari kuliwekea mambo haya ni kumvisha bibi kizee viatu vya kisigino."

"Bibi kizee naye hualikwa harusini," alijibu, kichwa kikiwa chini ya usukani.

Alipomaliza alijifungia ndani ya gari, vioo vyote juu, jua likiwa bado kali. Nilimwona kupitia kioo cha mbele, mikono juu ya usukani kama anayesafiri. Upepo ulivuma kwa nguvu, kisha ukajipunguza wenyewe. Siku zilizofuata alirudia hivyo kila alipotoka kazini, akibadilisha namba na kusubiri. Halafu akapiga simu. "Dada, njoo. Safari hii utaomba sweta."

Aliniomba niende naye, ili dada apate mwanamke wa kumshika mkono. Nilikaa nyuma, upande wa dereva, kwa sababu nyuma ndiko ninakojua kukaa. Dada yake alitungoja langoni kwake, mwembamba, mtandio umekaa vizuri, begi miguuni.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia mdogo wake. "Huyu ndiye mchumba uliyenificha?"

"Jirani yangu huyo, Dada. Msomi."

"Kwani wasomi hawaolewi?"

Fundi alicheka, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akamketisha mbele, akamfunga mkanda kama mtoto. Kisha akafungua matundu ya hewa ya upande ule. Alikuwa ameyafunga tangu tulipotoka nyumbani, baridi isije ikapotea bure.

Hatukufika mbali.

"Mbona kama kuna joto?" dada aliuliza.

"Subiri kidogo. Kinakutafuta."

"Kinanitafuta wapi? Mimi si nipo hapa?"

Fundi akamshushia namba. Baada ya muda mfupi dada alijipepea kwa kiganja. Fundi akashusha tena.

"Nimekushushia mpaka mwisho, Dada."

"Basi mwisho wako ni jehanamu."

"Mimi huku vidole vinakufa ganzi."

"Ndiyo, wewe huko. Mimi niko huku."

Fundi alitabasamu, macho barabarani. Alidhani anataniwa, na ni kweli wamezoea kutaniana. Lakini mimi niliona shingo ya yule mama, jinsi mtandio ulivyoganda kwa jasho, na jinsi kichwa kilivyoanza kuegemea dirishani. Nilipitisha mkono katikati ya viti mpaka kwenye tundu la upande wake. Ilikuwa kama kuweka mkono juu ya birika linalochemka.

"Fundi," nilisema, "simamisha gari."

Alisimamisha kando ya duka lililofungwa, penye kivuli cha ukuta. Nilimlaza dada kiti cha nyuma, milango wazi, kichwa chake mapajani mwangu, nikawa namlowesha uso kwa maji ya chupa. Fundi aliweka kiganja kwenye lile tundu akakitoa haraka. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya dashibodi na kupapasa, macho kafumba.

"Mota ya upande huu nimeifunga kinyume," alisema taratibu, kama anayeiambia mota. "Ukiomba baridi, inafungua joto. Nilivyozidi kushusha ndivyo nilivyozidi kumchoma."

Kuifikia skrubu ya mota ile kulitaka dashibodi nzima itoke. Alijua hivyo, lakini aliendelea kupapasa kwa muda, mpaka dada yake alipofumbua macho.

"Acha," alisema. "Nipeleke kwa mwanangu."

"Nitaitengeneza leo leo. Ikifika jioni..."

"Najua utaitengeneza. Hakuna kitu kinachokushinda." Alipumzika kwanza, kisha akaendelea. "Lakini hospitali ni kesho kutwa, na mimi nimechoka kujaribiwa, mdogo wangu."

Fundi alinyanyuka, akajipangusa magoti, akaziba matundu ya upande wa abiria na kuelekeza ya kwake yote nyuma, tulikokuwa sisi. Aliendesha akitokwa na jasho. Njia nzima dada alisinzia na kuguna.

Nyumbani kwa mpwa wake watoto walitoka mbio, mmoja akanyakua begi, mwingine akamshika bibi yake mkono. Mpwa alisema, "Mjomba, karibu ndani." Fundi akasema asante, ana kazi. Dada alisimama mlangoni, akamwita karibu.

"Usikasirike."

"Sijakasirika."

"Ile baridi yako ya mwisho ilikuwa nzuri. Niliisikia nikiwa nyuma."

"Ndiyo hiyo niliyoitaka, Dada."

"Nimeiona," alisema, akaingia.

Wakati wa kurudi nilikaa mbele. Sikutaka aonekane kama dereva wa kukodiwa. Alikizima kiyoyozi tukashusha vioo, na vumbi likaingia na kelele za barabara. Tulipita soko, tukapita yadi ya magari chakavu, naye hakugeuza kichwa. Nilifikiria chumba kile kilichopakwa rangi, na jinsi nitakavyousikia mlango wake kupitia ukutani. Swali nilikuwa nalo tangu kwenye kivuli cha duka, na nilijua nikifika nyumbani sitaliuliza tena.

"Fundi, zile siku zote ulizokuwa unakijaribu, kwa nini hukuujaribu na upande huu?"

Alingoja gari la mbele likate kona. Kisha akanitazama, mimi na kiti nilichokalia, akarudisha macho barabarani.

"Hapo huwa hakai mtu," alisema.