Ubavu Mweupe wa Twiga

Juzi nilikwenda hoteli moja ya Diani kwenye harusi ya mtoto wa jirani, na pale mapokezi nikamkuta twiga mrefu wa mpingo ananitazama. Mwenzangu, nilimsogelea nikamtazama vizuri. Uso wake ulikuwa uso wa mbuzi wa nyanya yangu.

Ngoja nikueleze. Mjomba, ndugu wa mama, alikuwa mchongaji wa wanyama, na sisi tulilelewa naye nyumbani kwa nyanya kule Waa. Jina lake lilifika Ukunda kwa sababu ya twiga, na twiga mwenyewe hakuwahi kumwona kwa macho! Wa kwanza alimchonga kwa kuangalia picha ya kalenda. Shingo akaipata, uso ukamshinda, akaazima wa mbuzi aliyefungwa uani. Mwenye duka la vinyago kwenye hoteli moja huko Diani akampenda, akataka wengine vilevile. Basi mjomba akafungwa hapo, twiga asubuhi, twiga jioni, mwaka hadi mwaka. Aliwahi kupeleka ng'ombe, akarudishiwa na maneno juu, kwamba wageni hawapandi ndege kufuata ng'ombe.

Nikiikumbuka nyumba ile husikia kwanza tezo ya mjomba ikichonga mti, ko, ko, ko, kisha harufu ya mbaazi za nazi. Kazi yetu watoto ilikuwa kupiga msasa, halafu rangi nyeusi ya viatu. Maana mpingo ni mweusi moyoni tu. Chini ya gome ni mweupe, na wanunuzi wakiuona weupe walidhani wameuziwa kuni. Kwa hiyo tuliupaka, tukausugua kwa kitambaa mpaka ukang'aa. Nyanya naye hakutaka sanamu ndani. "Hao wako walale nje, nataka malaika waingie kwangu," alisema. Twiga wakalala bandani na mbuzi, na mjomba akicheka kwamba ndugu wamekutana.

Lakini alikuwa na gogo lake, nene, ambalo hatukuruhusiwa hata kulikalia. Ubavu mmoja ulikuwa na weupe mpana. Huko Diani alikuwa amemwona mbega, yule kima wa mitini, mama mweusi, amempakata mwanawe, na mbega huzaliwa mweupe pe. "Mama yuko huku kwenye weusi," alituonyesha kwa kidole, "na mtoto ndiye huyu hapa. Huyu sitampaka rangi, wallahi." Kila Ramadhani alisema Idi ikipita ataanza. Kila Idi ikapita na twiga wake.

Siku moja mwenye duka akaja mwenyewe. Hoteli inataka twiga mkubwa wa mapokezi, akasema. Akazunguka uani, akaligonga gogo kwa kiatu. "Hili hapa."

"Hilo lina kazi yake," mjomba akamjibu.

Yule bwana hakupandisha hata sauti. Alisema kama ni hivyo, basi na wale twiga wadogo atawatafutia mchongaji mwingine. Na nyumba nzima ilikula kwa wale wadogo! Nyanya akaingia ndani, mama akainamia chungu chake. Nilitamani mtu aseme neno, lolote lile. Mjomba akachukua tezo.

Alipomaliza, alinikabidhi kopo la rangi. "Mpake wewe, mwanangu. Mimi siwezi." Nikampaka, naye akaenda kukaa kwa mbuzi.

Mjomba hatunaye tena. Hata matangani watu walimwita Mzee Twiga, na moyo ukaniuma. Uani pamejengwa vyumba vya kupangisha, tezo haisikiki, na siku hizi hata nikipika mbaazi za nazi hazinukii vile.

Sasa rudi nami pale mapokezi. Masanduku ya wageni yamemkwaruza twiga miaka yote hii, na rangi imebanduka ubavuni. Nilichuchumaa na gauni langu la harusi. Weupe ulikuwa pale, mdogo, umejikunja chini ya shingo kama mwana aliyepakatwa. Katika vyote alivyovichonga, hicho tu ndicho kilikuwa chake, na hakukichonga.

Binti wa mapokezi akanijia. "Shikamoo mama. Samahani, tumeona amechubuka. Kesho fundi anakuja kumpaka rangi."

"Marahaba, mwanangu. Mwacheni hivyo hivyo, nakuomba."

Akatabasamu kwa adabu. "Si mimi ninayeamua, mama."

Nikauweka mkono wangu juu ya ule weupe, nikabaki nao hapo mpaka waliponiita nikale.