Ndege ya Vita Iliyoingia Kwenye Posa

Siku ile nyumbani kwangu Garsen tulikuwa hivi: mimi mwenyewe mwenye boma; binti yangu wa pili, ambaye ndiye mama wa mposwa; mwanangu wa kiume, ambaye kwa mposwa ni mjomba, na neno lake ndilo la mwisho tangu baba wa msichana afariki, na wageni wawili kutoka Chewele, baba mdogo wa kijana na jirani yake aliyekuja kumsaidia kusema. Mposwa mwenyewe, mjukuu wangu, alikuwa chumbani, sikio mlangoni. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, hata la yule mbuzi tuliyemchinja, ila nimekatazwa kuyaandika, basi nayameza.

Kijana hakuwapo. Kwetu mtu hajiposei. Wazee humsemea, naye hujificha, maana mama mkwe akimwona kabla jibu halijatoka ni aibu ya wote wawili.

Kijana huyo hutengeneza simu na redio pale stejini, na ana wazimu mmoja: ndege. Aliokota yale maboksi meupe yanayoletewa samaki wa barafu, akayakata, akayagandisha kwa gundi, akayapiga msasa na kuyapaka rangi ya kijivu, mpaka ikatoka ndege ya vita kama zile za jeshi, pua kali kama mdomo wa yangeyange, mabawa yamelala nyuma. Tumboni akaitia feni na betri, akawa anaiendesha kwa rimoti. Rubani wake alikuwa kichwa cha mwanasesere, kimevikwa kifuniko cha soda kuwa kofia.

Mwanangu hakuipenda habari hiyo. "Mama, mtu mzima mwenye ndevu anacheza na midoli. Nimpe mtoto wa dada yangu huyo?" Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kuwakataa wawili kwa ajili ya huyo mwenye midoli.

Basi siku ya posa kijana akashindwa kutulia. Akaichukua ndege akaenda nayo uwanda wa nyuma ya boma letu, ule unaobaki mtupu mafuriko yakipungua, akairusha. Tulikuwa barazani tunakula, nikaisikia kwa mbali inavuma kama nyigu ndani ya kibuyu. Mara binti yangu akazunguka nyuma kuanua nguo. Kijana kumwona mkwewe, akajitupa nyuma ya kichaka cha mathenge, akachutama. Heshima hiyo, simlaumu. Lakini ndege ya rimoti yataka uitazame wakati wote, naye mle kichakani alikuwa akitazama miba. Akawa anaiendesha kwa kukisia.

Barazani jirani wa Chewele alikuwa amefika penye utamu. "Kijana wetu ni mtulivu," akasema, "hana makuu, hata mlangoni huingia kwa kubisha hodi..."

Ngurumo ikapita juu ya bati. Ndege ikazunguka boma, ikashuka, ikapita kwenye kamba ya nguo, ikanasa leso ya binti yangu, ikaja nayo hiyo imejifunga kama bibi arusi, ikaanguka mkekani miguuni pa mwanangu. Kichwa cha rubani kikang'oka, kikabingirika hadi kwenye sinia la wali.

"Leso yangu!" binti yangu akapiga ukelele huko nyuma. "Yallah, leso yangu imechukuliwa!"

Mwanangu akasimama. "Mtulivu, eh? Amekuja mwenyewe kabla ya jibu, na amemvua dada yangu leso! Wageni, naweni mikono mwende zenu."

Baba mdogo akajifunika uso kwa kofia. "Ndugu yangu, wallahi hatukumtuma."

"Nani aliyemtuma basi? Serikali?"

Chumbani nikamsikia mjukuu wangu anaanza kulia.

Sasa, mkwe na mama mkwe hawana mzaha. Lakini bibi na mume wa mjukuu ni watani. Ananiita mke wangu, namwita mume wangu, na utani wetu mtu hautii mkono. Nikainuka na fimbo yangu, nikaifungua ile leso kwenye mabawa, nikajifunga kiunoni.

"Leso hii nani aliinunua?"

"Wewe, mama," akasema binti yangu, amefika anahema. "Niliiazima."

"Haya. Ndege imechukua leso yangu, imeniletea mimi. Mume wangu amenijia mimi, hakumjia dada yako. Una neno?"

"Mama, hilo silo..."

"Ama unamwonea wivu babako mpya?"

Jirani wa Chewele alicheka wa kwanza, wali ukamtoka puani. Binti yangu akafuata. Mwanangu akageukia ukuta, lakini mabega yalimsaliti. "Haya," akasema bila kugeuka. "Amchukue. Ila siku ya arusi, ndege ikae chini."

Nikaenda mwenyewe mpaka kichakani. Nikamkuta bado amechutama, rimoti mkononi.

"Bibi, imevunjika?"

"Bawa moja. Mke umepata."

"Bawa lipi?"

Nikamcharaza fimbo ya mgongo, ndipo akaelewa, akaanza kulia na kucheka mle mle mibani.

Mwanangu hudai hadi leo kwamba yeye ndiye aliyecheka wa kwanza. Kama ulikuwapo, au umesikia kwa aliyekuwapo, na nimekosea, pita nyumbani uniambie, nitakusikiliza na kurekebisha. Lakini bawa lilikuwa la kushoto. Hilo usinisumbue nalo.