Viza ya Kuingia Mara Moja

Mama yangu alifanya kazi ya uhamiaji mpakani Tunduma kwa miaka ishirini na tisa, akastaafu bila kuwahi kupanda ndege. Mpaka wenyewe alikuwa akiuvuka kwa miguu tu, kwenda upande wa Zambia kununua vitenge, na kurudi. Kwa hiyo alipokubali kuja kututembelea Brussels, baada ya mimi kumsihi miaka minne, nilitaka safari yake iwe safari kweli.

Shida ilikuwa binti yangu. Alikuwa na miaka tisa, na tangu Krismasi alikuwa akidai kupelekwa kwenye bustani kubwa ya michezo kule kusini mwa Uholanzi, ile yenye hoteli yake, ambako nusu ya darasa lake walishafika. Mama naye, nilipomuuliza kwenye simu angependa kuona nini Ulaya, alisema, "Meli. Zile ndefu kama mtaa, ninazoziona kwenye televisheni. Nikilala humo hata siku moja, nitashukuru."

Mume wangu ni mlinzi katika jengo moja la ofisi karibu na Schuman, na mwaka ule hakupata likizo. Ndiye aliyesema, mbona isiwe vyote viwili? Siku mbili bustanini, tunarudi nyumbani kubadilisha mabegi, halafu treni mpaka bandari ya Zeebrugge na wiki moja baharini. Nikaenda kwa wakala wa safari, mama mmoja mwenyeji wa Bukavu mwenye kiofisi cha meza moja, akatupangia kila kitu. Ratiba ya meli alinitumia kwa simu. Niliichapisha kazini, kwenye maabara ya hospitali huku Woluwe, nikaikunja na kuitia kwenye mkoba. Nakiri sikuisoma. Niliangalia picha.

Jumamosi ile bustanini ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Binti yangu alimshika bibi yake mkono na kumzungusha kila mahali, na mama, ambaye nilihofu angechoka, aliuliza maswali kuhusu kila mtambo: nani anaukagua, umefungwa kwa kitu gani, mtu akizimia inakuwaje. Jioni, wakati naoga, aliniomba ile ratiba aipitie. Nilimwambia iko mkobani.

Asubuhi tukashuka kula. Binti yangu alikuwa amekwenda kuchukua mikate. Mama aliweka pasipoti yake juu ya meza, akaifungua kwenye ukurasa wa viza, na kando yake akaiweka ratiba.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hebu nisaidie kusoma. Viza yangu hapa imeandikwa kuingia mara moja. Na huku, ingawa hawakuandika tarehe, siku ya tatu naona meli inatia nanga Uingereza."

Nilisoma. Nikasoma tena. Uingereza haimo katika nchi za Schengen, zile za viza ile. Maana yake mama hakuwa na ruhusa ya kushuka kule, na akishatoka, hakuwa na ruhusa ya kurudi huku.

"Uliona jana?"

"Jana jioni."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ulikuwa unacheka na mtoto. Sijakuona ukicheka hivyo tangu nimefika." Akafunga pasipoti. "Nyie nendeni. Mimi nitabaki na mkwe wangu, nitampikia. Meli nitaiona kwenye picha."

Nilimpigia wakala mara tano. Simu ililia tu. Ilikuwa Jumapili, na yule mama Jumapili yuko kanisani mpaka alasiri, hilo nilikuwa nalijua. Nilitaka tufungashe turudi Brussels saa ileile, ingawa hata mimi sikujua turudi kufanya nini. Mama akakataa.

"Ofisi imefungwa. Ukinuna, haitafunguka. Mtoto amengoja siku hii tangu Krismasi."

Basi tukatoka. Nilitembea siku nzima na simu mkononi, najiona mjinga mkubwa. Mtu mwenye miaka kumi na mbili Ulaya, aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili ya viza zake mwenyewe, anampangia mama yake safari kwa kuangalia picha! Na mama gani? Aliyekula mkate wa kusoma pasipoti za watu!

Mama yeye alipanda vigari. Vile vinavyopanda polepole mpaka juu kabisa halafu vinaporomoka. Mimi nilisema siwezi, kwa hiyo alikaa na mjukuu wake kiti cha mbele. Kijana wa pale alimwonyesha kwa ishara avue miwani na kukaza kitambaa chake kichwani. Niliwaona wakipita juu yangu, binti yangu anapiga kelele, mama amefumba mdomo kabisa. Aliposhuka alisimama kidogo, akashika uzio.

"Bibi, uliogopa?"

"Sana," mama alisema. "Twende tena."

Jumatatu, baada ya kuwaacha nyumbani, nilikuwa mlangoni kwa wakala kabla hajafika. Nilianza kueleza akiwa bado anatafuta funguo.

"Maman, kwanza ukae," alisema. "Bon. Leta ile karatasi."

Aliiangalia, akapiga paji la uso.

"Oh, pardon, maman! Hii ni ya bateau, ile meli ya mwezi ulipita. Nilikutumia mubaya. Ya kwenu haiendake Angleterre. Inaendaka Norvège tu, kisha inarudia hapa."

"Na Norwe anaingia kwa viza hii hii?"

"Anaingia, yote ni Schengen. Weye unawaza nini? Visa ya maman yako niliiangalia mbele ya kukata tiketi. Nani mutu anaweza kata tiketi bila kuangalia visa?"

Nilianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, mbele ya mtu nisiyemzoea, saa tatu asubuhi. Akanipa maji kwenye kikombe cha karatasi, akachapisha ratiba sahihi, akaipigia mstari kwa kalamu kila bandari. Nikampigia mama nikiwa bado nimekaa pale.

"Mama, hatuendi Uingereza. Ilikuwa karatasi isiyo yetu."

"Nani kasema?"

"Wakala."

"Lete hiyo nyingine nisome mwenyewe."

Aliisoma mezani jikoni, kidole kikifuata mstari kwa mstari, akarudia mara mbili. Kisha akaiweka chini, akamwambia binti yangu alete begi, afunge.

Bandarini hofu yangu ilirudi. Msichana wa kaunta aliigeuza pasipoti ya mama kurasa zote, akainuka nayo, akaenda kuongea na mwenzake nyuma ya kioo.

"Mwache afanye kazi yake," mama alininong'oneza. "Asiyeuliza ndiye wa kuogopwa."

Dakika chache baadaye msichana alirudi, akampa mama kadi ya chumba kwa mikono miwili na kumtakia safari njema. Mama alimjibu kwa Kiswahili, "Asante, mwanangu, umekagua vizuri," na yule msichana akatabasamu kana kwamba ameelewa.

Tulipokuwa tumekaa nje juu ya meli, pwani ya Ubelgiji imeshakuwa mstari mwembamba, nilimwambia lililokuwa linanikaa rohoni. Nilimwambia nilidhani ameniona mzembe.

"Nimewarudisha watu wengi kwa kosa dogo kuliko hilo," alisema. "Wengine na watoto. Sheria ni sheria, nilikuwa nawaambia, na ilikuwa kweli. Ila sikuwahi kujua wakigeuka wanajisikiaje. Jumapili nilijua." Akanivutia shuka yake magotini kwa sababu upepo ulikuwa mkali. "Hukuwa mzembe. Ulikuwa na haraka ya kunifurahisha. Sasa nimefurahi, pumzika."

Nilipumzika. Nililala saa kumi mfululizo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mtoto azaliwe. Nilipoamka chumba kilikuwa kitupu, na nje ya dirisha hapakuwa na kitu ila maji ya kijivu. Niliwakuta kwenye ukumbi wa chakula, wamekaa dirishani na sahani za mayai, binti yangu anamfundisha bibi yake kuhesabu kwa Kifaransa.

"Mama," binti yangu alisema, "umekoroma mpaka Bibi akacheka."

"Kaa ule," mama akasema, akinisogezea kiti. "Chai yao nyepesi, lakini mikate ni mizuri."